Paka mwoga naye ana nyumba yake: namna ya kumpatia mlezi

Na Mwandishi Wetu, Karagwe

KATIKA kila kundi la paka waliookolewa, yupo mmoja ambaye wageni hawamwoni. Wanaokuja kuchagua huondoka na yule aliyewaendea miguuni, akajisugua na kukoroma kwa raha. Aliyejibanza nyuma ya magunia hubaki. Wakija wengine wiki inayofuata, hubaki tena. Baada ya miezi mitatu watu huanza kusema kwamba paka huyo ana kasoro, na ushahidi wao pekee ni kwamba hajachukuliwa.

Kisa cha namna hiyo kilitokea katika Kata ya Nyabiyonza, wilayani Karagwe, mkoani Kagera, nyumbani kwa shangazi yangu. Jirani aliyehamia upande wa Kyerwa aliacha nyuma paka jike mwenye mimba. Paka huyo akazalia katika ghala la maharage, watoto wanne. Watatu walipata wenyewe kabla msimu wa kahawa haujaisha. Wa nne, jike wa kijivu mwenye mistari, alikuwa haonekani mchana kabisa. Tulijua yupo kwa sababu ya panya waliokutwa wamekufa mlangoni kila asubuhi.

Nilipojaribu kumshika alinikwaruza mkono mpaka damu ikatoka, kisha akapotelea darini kwa siku mbili. Shangazi, aliyekuwa akichambua maharage uani, hakuinua hata kichwa. "Mwanangu," alisema, "paka huyu haogopi panya. Anakuogopa wewe."

Kauli ile ilinionyesha jambo ambalo wengi wanaookoa paka hulikosea. Tunadhani kazi yetu ni kumgeuza paka mwoga awe mchangamfu, ndipo tumtafutie mlezi. Paka wa namna hiyo hahitaji kugeuzwa. Anahitaji kutulia kiasi cha kula mbele ya mtu, kutibiwa, kufungwa kizazi, kisha kupelekwa katika nyumba ambayo woga wake haumtii mtu yeyote hasara. Nyumba hizo zipo, tena ni nyingi kuliko tunavyodhani.

Mwoga na shume

Kiswahili kinalo neno shume kwa paka dume mkubwa, mkali, anayeishi nusu porini. Mitaani neno hilo hubandikwa kwa paka yeyote anayekimbia watu, na hapo ndipo dhuluma inapoanzia. Paka aliyekulia nyumbani, akapigwa au akaachwa na wenyewe, anaweza kuonekana kama shume kwa wiki kadhaa ilhali bado anawajua binadamu vizuri. Mwingine amezaliwa vichakani na hajaguswa na mtu maisha yake yote. Kwa mgeni anayechungulia mlangoni, wote wawili ni macho mawili gizani na mlio wa kutisha.

Tofauti yao huanza mapema mno. Katika miaka ya 1980 mtafiti Eileen Karsh wa Chuo Kikuu cha Temple, Marekani, alionyesha kwamba watoto wa paka wanaoshikwa na kubembelezwa na watu kati ya wiki ya pili na ya saba baada ya kuzaliwa ndio wanaokuwa wepesi kumwendea binadamu wanapokua. Kipindi hicho kikipita bila mkono wa mtu, kazi haishindikani, ila huwa ndefu. Mtoto aliyezaliwa nyuma ya magunia ya maharage, akaonekana kwa mara ya kwanza akiwa na miezi mitatu, tayari amekwisha kukosa siku zilizo muhimu kuliko zote.

Damu nayo ina sehemu yake. Utafiti wa Sandra McCune, uliochapishwa mwaka 1995, ulikuta kwamba watoto wa baba jasiri huwa jasiri pia mbele ya vitu vigeni, na inajulikana kwamba paka dume kwa kawaida hana habari na malezi. Kwa hiyo si kila paka mwoga aliwahi kuteswa. Wengine wamezaliwa hivyo, kama ambavyo katika tumbo moja hupatikana mtoto msemaji na mtoto mkimya. Nalisema hili kwa sababu nimeona walezi wema wakimhurumia paka kwa mateso ambayo huenda hayakutokea, na huruma ya aina hiyo huwafanya wamkumbatie kwa nguvu, jambo ambalo yeye hulichukia kuliko yote.

Njia ya kuwatofautisha paka hao wawili ni kusubiri. Katika utafiti uliofanywa Uswisi na kuchapishwa mwaka 1997, Kessler na Turner waliwaangalia paka walioachwa na wenyewe katika kituo cha kuwatunza kwa muda. Siku za mwanzo zilikuwa ngumu kwa karibu wote, wengi wakatulia ndani ya wiki mbili, na wachache hawakutulia hata baada ya muda huo. Hukumu inayotolewa siku ya tatu, basi, haina thamani yoyote.

Wakati wa kusubiri kuna dalili za kutazama. Aliyewahi kuishi na watu hutoka maficho usiku nyumba ikishalala, akazunguka chumba na kusugua mashavu yake kwenye mguu wa meza. Akisikia sahani, mkia husimama. Siku moja atalia kuomba chakula, na mlio huo ni habari njema, kwa maana paka wakubwa hawana desturi ya kuliliana. Sauti ile wameihifadhi kwa ajili ya watu. Paka asiyewajua watu hukaa kimya, amejikunja, miguu yote chini ya tumbo, na chakula chake hukiacha mpaka mlango ufungwe.

Chumba, boksi na dagaa

Makazi ya wanyama waliookolewa yamo zaidi katika miji mikubwa. Nairobi ipo KSPCA, jumuiya ya kulinda wanyama ambayo chimbuko lake ni mwaka 1910. Kampala ipo USPCA, na Dar es Salaam wapo TAWESO. Kwa mtu aliyeko Nyabiyonza miji hiyo yote ni mbali, na makazi ya paka aliyemwokota ni chumba kimoja cha nyumba yake.

Chumba hicho kiwe kidogo, chenye mlango unaofungika na dari isiyo na mianya. Nyumba zetu nyingi zina nafasi kati ya ukuta na mabati, na paka mwoga huiona nafasi hiyo kabla mwenye nyumba hajamaliza kufunga mlango. Ndani ziwekwe sahani ya maji, sahani ya chakula, beseni lenye mchanga au maranda ya mbao mbali kidogo na chakula, na kitu cha kujifichia.

Hicho cha mwisho ndicho ambacho wengi hukiondoa kwa makusudi, wakisema paka "azoee watu." Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, walichapisha jaribio dogo lenye mafunzo makubwa. Paka 19 waliokuwa wapya katika kituo cha kuokolea wanyama waligawanywa: 10 wakapewa boksi la kujifichia, 9 hawakupewa. Waliopata boksi walitulia mapema zaidi kuliko wenzao. Mwenye pa kujificha hupata ujasiri wa kutoka, kwa kuwa anajua ana pa kurudi. Boksi tupu la sabuni lililotobolewa mlango latosha, au tenga la kuku lililofunikwa kwa kitenge cha zamani.

Chakula ndiyo lugha ya kwanza. Wakazi wa Kanda ya Ziwa wana bahati ya dagaa wa Ziwa Victoria, ambao harufu yao humtoa paka mahali ambapo maneno matamu yameshindwa. Wachemshwe bila chumvi wala kitunguu, kwa maana kitunguu ni sumu kwa paka, kisha wachanganywe na ugali kidogo. Maziwa, ambayo wenyeji wa mijini huyaona kuwa chakula halisi cha paka, huwaharisha wengi wao waliokwisha kukua.

Kazi iliyobaki ni ya kukaa. Mlezi aingie saa zile zile kila siku, aweke sahani, akae sakafuni akiwa amempa paka ubavu wake, asimkodolee macho. Anaweza kusoma gazeti kwa sauti ya chini. Habari za bei ya kahawa zinafaa sawa na nyingine yoyote, mradi paka aizoee sauti. Siku ya kwanza sahani iwe mbali. Kila siku inayofuata isogezwe kiasi cha shubiri kuelekea kwa mlezi, na siku paka atakapogoma kula, irudishwe ilipokuwa jana bila kinyongo.

Jambo la kufumba macho taratibu, ambalo wapenzi wa paka walilijua zamani, limethibitishwa kitaalamu. Mwaka 2020 watafiti wa vyuo vikuu vya Sussex na Portsmouth, Uingereza, walionyesha kwamba mtu akimtazama paka na kufumba macho polepole, paka naye huelekea kufanya hivyo, na huwa mwepesi zaidi kuusogelea mkono wa mtu huyo hata akiwa mgeni. Utafiti wao mwingine, uliohusu paka waliokuwa wakisubiri walezi, ulikuta kwamba wale waliomjibu mtu kwa kufumba macho walichukuliwa mapema zaidi. Linagharimu dakika chache na halihitaji kifaa.

Kumgusa huja mwisho. Mlezi anyooshe kidole kimoja chini ya usawa wa pua ya paka na kungoja. Paka akikinusa na kukisugua, aguswe shavu au chini ya kidevu, mara mbili tu, kisha mkono uondolewe kabla hajachoka. Tumbo na mkia viachwe. Tabia ya kumnyanyua paka mkubwa kwa ngozi ya shingo haifai hata kidogo. Yatosha kuharibu kazi ya mwezi mzima.

Yule wa kijivu alichukua siku 19 kula nikiwa ndani ya chumba, na wiki 6 kabla hajanisugua kidole. Mchezo ulisaidia kuliko maneno. Uzi wa gamba la mgomba lililokauka, ukikokotwa sakafuni usiku, ulimtoa boksini akiwa amesahau kwamba mshikaji wa uzi ni mtu.

Pale woga unapokuwa ugonjwa

Paka mwenye maumivu hujificha. Jino bovu, jeraha lililoungana juu na kuoza ndani, au minyoo iliyokithiri, vyote huonekana kama woga. Kwa sababu hiyo paka yeyote aliyeokolewa aonwe na daktari wa mifugo au ofisa mifugo wa kata kabla mtu hajaanza kumtafsiri tabia. Wengi wa maofisa hao wamezoea ng'ombe na mbuzi, lakini chanjo ya kichaa cha mbwa wanaijua vyema, na paka huweza kupewa akiwa na umri wa miezi mitatu.

Chanjo hiyo ina uzito wa pekee kwa paka mwoga, kwa kuwa ndiye mwepesi wa kuuma anaposhikwa. Aliyeumwa au kukwaruzwa na paka asiyejulikana aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakina tiba, na jina lake lisimdanganye mtu kwamba ni mbwa pekee wanaokibeba. Niliposhikwa na makucha ya yule wa kijivu nilicheka na kufunga kitambaa. Lilikuwa kosa.

Dawa za nyumbani nazo ni hatari. Panadol, inayotuliza homa ya mtoto, humuua paka hata kwa kiasi kidogo. Dawa za kuua kupe zilizotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe au mbwa, hasa zenye permetrini, humtia kifafa. Mama mjamzito asishughulike na mchanga wa choo cha paka. Kazi hiyo apewe mwingine.

Kuhusu kufunga kizazi, pasiwe na mjadala mrefu. Paka jike hubeba mimba kwa wiki 9 hivi na huweza kuishika akiwa hajatimiza hata nusu mwaka. Anayemtoa paka mwoga bila kumfunga kizazi amemtoa pamoja na watoto wake watakaozaliwa mafichoni, ambao nao wataonekana wakiwa na miezi mitatu, nao watakimbia. Operesheni hiyo ifanyike akiwa bado kwa mwokozi, wakati anapatikana, kwa maana kumkamata paka huyu mara ya pili katika nyumba mpya ni shughuli nyingine.

Kumtangaza bila kumsingizia

Hapa ndipo paka wengi waoga hupotezwa na watu wanaowapenda. Tangazo huandikwa: "Ana aibu kidogo, akizoea atakuwa mpole sana." Mlezi mpya humpeleka nyumbani akisubiri huo upole, na usipokuja ndani ya wiki mbili huona ametapeliwa. Paka hurudishwa, au mlango huachwa wazi kwa makusudi. Mwingine huandika kwa kuomba huruma, na huruma huleta watu wanaotaka kushukuriwa. Paka hashukuru.

Lililo jema ni kueleza anachofanya. "Hapendi kubebwa. Hula mtu akiwa umbali wa hatua mbili. Hukamata panya. Hutumia mchanga wake bila kukosea. Hucheza na uzi usiku." Sentensi tano kama hizo humfukuza asiyefaa na kumwita anayefaa, na wote wawili wamesaidiwa. Picha ipigwe mchana karibu na dirisha, simu ikiwa sakafuni usawa wa macho yake, bila kumulika taa. Picha ya paka aliyejikunja pembeni mwa kreti haimwambii mtu lolote isipokuwa kwamba paka ana hofu. Video fupi ya usiku akicheza peke yake hufanya kazi kubwa zaidi, kwani humwonyesha mgeni paka ambaye asingemwona hata angekuja mara kumi.

Mgeni anapokuja, aje jioni, aketi alipo mlezi, apewe dagaa mkononi na asinyooshe mkono mwingine. Aje zaidi ya mara moja. Asiyekuwa na muda wa kuja mara mbili hatakuwa na muda wa wiki 6 sakafuni. Na kama paka mwoga ana mwenzake anayemfuata na kulala naye, watolewe pamoja. Mwoga hujifunza kwa kutazama yule jasiri anavyotendewa.

Je, nyumba ipi? Mkazi wa mjini anapowaza paka humwona mapajani mbele ya televisheni. Nyabiyonza, kama ilivyo Karagwe nzima, paka ana kazi. Maharage, mahindi na karanga huhifadhiwa ndani, na panya wanajua. Paka ambaye hapendi kubebwa, halali kitandani na huamka watu wanapolala si hasara kwa mwenye ghala. Katika baadhi ya nchi, Marekani ikiwamo, mashirika ya kuokoa wanyama hutoa paka wasiopenda watu kwa wenye mazizi na maghala kwa mpango maalumu, na wenye maghala huwapa chakula, maji na pa kulala. Huku kwetu jambo hilo lilikuwapo bila kuitwa mpango.

Lakini ghala lina sharti moja ambalo lisipotimizwa ni heri paka asipelekwe: mwenye ghala aache sumu ya panya. Panya aliyekula sumu hutembea polepole, paka humkamata bila taabu, na baada ya siku mbili hulala chini ya mgomba akitokwa damu. Mtu anayetaka paka na sumu kwa pamoja hajaamua anataka nini.

Mjini nako walezi wapo. Mtu anayeishi peke yake, mzee mstaafu, au mfanyakazi wa zamu anayerudi usiku na kuhitaji nyumba tulivu, hao humfaa paka mwoga kuliko familia changamfu yenye watoto chini ya umri wa shule, mbwa, na mlango unaofunguliwa mara mia kwa siku.

Lipo kundi jingine la kuzungumza nalo kwa upole. Paka anayeonekana usiku tu, hasa akiwa mweusi, hushukiwa uchawi, na yule mwoga ndiye anayeonekana usiku tu. Hadithi zetu zimechangia. Katika ngano ya nunda, ambayo Edward Steere aliichapisha Zanzibari ilipokuwa na masultani, mwaka 1870, mnyama anayekula watu alianza akiwa paka wa nyumbani kwa sultani. Waislamu, kwa upande wao, wanazo hadithi za Mtume zinazomhesabu paka kuwa msafi na kumwonya anayemfungia na njaa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania, Namba 19 ya mwaka 2008, inakataza ukatili dhidi ya wanyama, pamoja na wale ambao jirani anawatilia shaka. Na Uingereza, baraza la ustawi wa mifugo lilipotaja mwaka 1979 mambo matano ambayo mnyama hapaswi kuteswa nayo, pamoja na njaa na maumivu liliihesabu hofu.

Safari na siku za mwanzo

Desturi ya kumbeba paka katika gunia lililofungwa, ili asiione njia ya kurudi, ina maelezo ya kufurahisha na matokeo mabaya. Paka hukosa hewa, hujikojolea, na hufika akiwa ameihusisha nyumba mpya na hofu ile. Tenga la kuku lililofungwa imara na kufunikwa nguo ni bora, hasa likiwa na kipande cha kitambaa alichokuwa akilalia. Asilishwe saa chache kabla ya safari. Kwenye bodaboda tenga likae katikati ya dereva na abiria, na kwenye basi lisiwekwe chini ya buti pamoja na mizigo.

Akifika, maisha huanza upya kama siku ya kwanza: chumba kimoja, boksi lile lile, sahani zile zile, wiki mbili au tatu mlango ukiwa umefungwa. Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa, yaani hafukuzwi; ila kabla ya hapo ni lazima awe amejua kwamba nyumba ni yake.

Hilo nililijua baadaye. Mara ya kwanza yule wa kijivu nilimtoa kwa familia moja ya Kayanga, watu wema kabisa, wenye duka mbele na watoto watatu. Niliwaambia ana aibu kidogo. Siku ya pili mlango wa nyuma ulifunguliwa na akatoka. Tulimtafuta kwa siku tisa. Alikutwa chini ya mashine ya kusaga nafaka, amekonda, sikio moja limechanika, na tulimpata kwa mtego wa dagaa tu. Kazi ya wiki 6 ilirudi nyuma, na safari hii ilichukua miezi minne.

Mara ya pili tangazo lilikuwa na sentensi tano. Aliyejibu ni mwalimu mstaafu wa Bukoba mjini, mjane, ambaye alikuja Nyabiyonza mara mbili, akakaa sakafuni kwenye chumba kile na kusoma gazeti lake bila kuuliza paka yuko wapi. Shangazi alimpa kahawa na kuniambia jikoni kwamba huyu ndiye.

Ni mwaka wa pili sasa. Mwalimu hajawahi kumbeba paka huyo, na anasema hana mpango huo. Kila usiku akizima taa ya sebuleni na kwenda kulala, husikia kiti chake kikilia kidogo, na asubuhi hukikuta kina joto.